Viola Spolin: Mama wa michezo aliyewafungua midomo watoto wa wahamiaji

Mtu anasimama mbele ya wenzake na kuanza kunadi bidhaa. Bidhaa yenyewe haipo, mikono yake ni mitupu. Lugha anayonadia nayo haipo. Si Kiingereza wala lugha nyingine yoyote, ni sauti tu zinazomtoka mdomoni bila maana. Lakini kabla dakika mbili hazijaisha, watazamaji wameshajua anauza nini, wameshaelewa kwamba bei imepanda, na wengine wameanza kutikisa vichwa kwamba hawanunui.

Msomaji uliyewahi kuvuka mpaka na mzigo, ukakutana na mteja usiyeelewana naye kwa lugha, unaujua mchezo huu bila kufundishwa. Vidole vinahesabu, uso unakunjwa kidogo, mkono unairudisha bidhaa nyuma kana kwamba haiuzwi tena, na mwishowe pesa inatolewa.

Huko Chicago, Marekani, mwanamke mmoja aliyaweka mambo kama hayo katika orodha ya mazoezi, akayaandikia kanuni na kuyafundisha. Jina lake ni Viola Spolin. Amefariki zaidi ya miaka 30 iliyopita, lakini michezo aliyoitunga inachezwa hadi leo katika madarasa ya vijana wenye usonji, vijana wanaoogopa kusema mbele ya watu, na wanafunzi wa mitaa maskini ambao wakubwa wameanza kuwakatia tamaa. Duniani anajulikana zaidi kama mama wa maigizo ya papo kwa papo, yaani maigizo yasiyo na maneno yaliyoandikwa, ambayo mchezaji huyatunga akiwa tayari yuko jukwaani. Ila kazi hiyo haikuanzia jukwaani. Ilianza kwa watoto.

Nyumba iliyojaa michezo

Viola alizaliwa Chicago tarehe 7 Novemba 1906, katika familia ya Wayahudi waliohamia Marekani kutoka Urusi. Nyumbani kwao hapakuwa na redio wala televisheni, lakini burudani ilikuwepo. Ndugu na jamaa walikuwa wakikusanyika, wanavaa mavazi ya kuigiza, wanaimba na kufanyiana mzaha, hasa juu ya vituko vya mgeni anayejaribu kuizoea nchi asiyoijua. Walipenda pia mchezo wa kufumba jambo kwa vitendo, ambapo mmoja anaonyesha kwa mwili na wengine wanabahatisha. Mtoto aliyekulia hapo alijua mapema kwamba watu wazima wanapocheza, hofu huwatoka.

Chicago ya wakati huo ilikuwa mji wa wahamiaji. Viwanda vya nyama, vya chuma na vya nguo viliita watu kutoka Italia, Ugiriki, Poland, Urusi na baadaye Mexico. Upande wa magharibi wa mji, katika barabara ya Halsted, familia zilibanana katika vyumba vibovu. Si mbali na hapo lilikuwepo soko la Maxwell Street, soko la wazi ambapo wahamiaji, wengi wao Wayahudi, waliuza nguo kuukuu, vyombo, matunda na kila kilichouzika, kwenye mikokoteni na meza za kukunja. Hapo lugha kumi zilisikika kwa siku moja, na kila mtu alijifunza maneno machache ya mwenzake ili auze.

Watoto wa mitaa hiyo walikuwa na njia chache. Jimbo la Illinois lilipitisha mwaka 1893 sheria ya kuwazuia watoto wa chini ya miaka 14 kufanya kazi viwandani, lakini kutolewa kiwandani hakukumaanisha kwamba mtoto amepata pa kwenda. Wengi walibaki barabarani. Mwaka 1899 mahakama ya kwanza ya watoto nchini Marekani ilifunguliwa mjini humo, kwa sababu kabla ya hapo mtoto aliyeiba angeweza kufungwa pamoja na watu wazima.

Waliopigania mambo hayo mawili, sheria ya viwanda na mahakama ya watoto, wengi walikuwa wanawake waliohusiana na nyumba moja ya Halsted iliyoitwa Hull House. Jane Addams na rafiki yake Ellen Gates Starr waliifungua mwaka 1889 ili waishi humo kama majirani wa maskini. Ilikua hadi kufikia majengo 13, ikiwa na chekechea, maktaba, jiko la jamii, madarasa ya lugha, uwanja wa michezo na ukumbi wa maigizo. Addams alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 1931. Katika nyumba hiyo ndipo msichana Viola alipokutana na mwalimu wake.

Mwalimu Neva Boyd

Mwaka 1924, Viola akiwa na miaka 17 tu, alijiunga na shule iliyoendeshwa na Neva Boyd huko Hull House. Alitaka kuwa mfanyakazi wa jamii, asijue bado kwamba maisha yake yataishia kwenye michezo.

Boyd alizaliwa katika jimbo la Iowa mwaka 1876. Alikusanya michezo ya watoto, ngoma na nyimbo za watu wa mataifa mbalimbali, kisha akaifundisha kama somo kamili. Wengi waliona mchezo ni kitu cha kumpotezea mtoto muda hadi chakula kiive. Boyd aliuona kama shule. Alisema na wanafunzi wake kuhusu jambo ambalo kila aliyewahi kucheza kombolela analijua: mtoto asiyesikia amri ya mzazi wala fimbo ya mwalimu huitii kanuni ya mchezo kwa hiari yake. Akidanganya, mchezo unavunjika na wenzake wanamwambia papo hapo. Akisubiri zamu, mchezo unaendelea na yeye anafurahi. Hakuna aliyemhubiria, lakini amejifunza kujizuia, kumtazama mwenzake na kukubali kushindwa.

Boyd na wanafunzi wake hawakuishia kwa watoto waliokuwa wazima na wachangamfu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 walipeleka michezo hiyo katika taasisi za serikali ya Illinois: hospitali ya wagonjwa wa akili, shule ya wasichana waliohukumiwa na mahakama, na kituo kikubwa katika mji wa Lincoln walikokuwa wakikaa watoto na watu wazima wenye ulemavu wa akili. Huyo wa Lincoln alikuwa mtu ambaye jamii imeshamfungia mlango. Familia nyingi ziliambiwa na madaktari zimpeleke mtoto huko na zimsahau. Kumpa mtoto wa namna hiyo nafasi ya kucheza kwa zamu, kukumbuka kanuni na kuchaguliwa kwenye timu kulikuwa ni kusema kwamba bado kuna kitu ndani yake cha kukuzwa.

Viola aliyapokea mafunzo hayo akiwa bado kijana, na hakuyaacha maisha yake yote. Boyd alihamia Chuo Kikuu cha Northwestern mwaka 1927 akaendelea kufundisha huko. Mwaka huohuo Viola alijifungua mtoto wake wa kwanza, Paul, ambaye naye tutakutana naye mbele. Baadaye alipata mtoto wa pili wa kiume, William. Ndoa yake ya kwanza ilivunjika. Jina la Spolin alilipata kwa mume wake wa pili, Ed Spolin, waliyeoana mwaka 1940.

Watoto wasioelewa maelekezo

Uchumi wa Marekani ulianguka mwaka 1929, na mamilioni ya watu wakakosa kazi. Serikali ya Rais Franklin Roosevelt ilianzisha mpango mkubwa wa kuajiri wananchi uliojulikana kwa herufi WPA. Wengi walijenga barabara na madaraja, lakini mpango huo uliajiri pia walimu wa michezo na sanaa. Mwishoni mwa miaka ya 1930, Spolin aliajiriwa kusimamia maigizo katika kitengo cha burudani cha mpango huo mjini Chicago. Akarudi mitaa ya Hull House, safari hii akiwa mwalimu.

Hapo alikutana na tatizo. Mbele yake walikuwepo watoto na wazazi wao kutoka nyumba za Wataliano, Wagiriki, Wamexico na Wamarekani weusi. Kuna waliokijua Kiingereza kwa shida. Kuna waliokuwa na haya, kuna watundu, na kuna wasioweza kukaa mahali pamoja. Mwalimu wa maigizo wa kawaida angewaambia wasimame hivi, wasiwape watazamaji mgongo, wapaze sauti, waoneshe huzuni. Maelekezo hayo hayakufanya kazi. Mtoto aliyeambiwa aoneshe huzuni alikunja uso kama kinyago. Aliyeambiwa apaze sauti alipiga kelele. Aliyeambiwa asimame vizuri alikauka kama mti.

Spolin aliona kwamba anahitaji njia inayoweza kuvuka lugha na desturi za nyumbani, njia ambayo mtoto wa Mgiriki na wa Mmexico wataielewa kwa pamoja bila mkalimani. Akakumbuka michezo ya Boyd. Badala ya kumweleza mtoto afanye nini, alianza kutunga mchezo ambao ukichezwa sawasawa, jambo lenyewe linatokea.

Mfano mmoja utamsaidia msomaji. Kundi la kwanza linasimama mbele, la pili linakaa na kutazama. Waliosimama hawana la kufanya. Muda si mrefu wanaanza kuhangaika: huyu anacheka bila sababu, huyu anajikuna, huyu hajui mikono aiweke wapi. Kisha mwalimu anawapa kazi ndogo, kwa mfano wahesabu mbao za sakafuni au viti vya ukumbini. Mara moja miili inatulia. Mahangaiko yanaondoka, kwa sababu macho na akili vimepata pa kushika. Makundi yanabadilishana nafasi, halafu wote wanazungumza: ulijisikiaje kabla ya kuhesabu, na baada yake?

Mtoto mwenye haya anajifunza hapo, bila kuhutubiwa, kwamba hofu ya kutazamwa inapungua mtu anapokuwa na shughuli halisi. Kila mchezo wa Spolin una kitu kimoja kama hicho cha kushikilia. Wakivuta kamba isiyoonekana, kazi yao ni moja: kuifanya kamba iwepo kati yao. Yule akivuta, huyu lazima apepesuke. Katika mchezo wa kioo, wawili wanatazamana, mmoja anasogea taratibu na mwenzake anamfuata kama kivuli chake katika kioo, kisha wanabadilishana, mpaka inakuwa vigumu kujua nani anaongoza na nani anafuata. Katika mchezo wa kugusana, mchezaji haruhusiwi kusema jambo jipya bila kumgusa mwenzake, na hivyo maneno yanayorushwa hewani tu yanaisha.

Wakati mchezo ukiendelea, yeye alikaa pembeni kama kocha wa mpira mstarini, akitupa neno moja fupi la kuwakumbusha lengo, bila kuusimamisha mchezo. Katika maonyesho ya watoto wa wakati huo alianza pia kuwauliza watazamaji watoe wazo, na watoto wakaliigiza palepale. Leo maonyesho mengi ya maigizo ya papo kwa papo duniani huendeshwa kwa desturi hiyo.

Kusifiwa nako ni kamba

Jambo moja lilimtenga Spolin na walimu wengi wa zama zake. Alikataa kumwambia mtoto kwamba amefanya vizuri, kama alivyokataa kumwambia amefanya vibaya.

Msomaji aliyelelewa kwa fimbo ataelewa haraka kwa nini karipio linamdumaza mtoto. La kusifu linahitaji maelezo. Spolin aliona kwamba mtoto anayesubiri kusifiwa na yule anayeogopa kukaripiwa wote wamefungwa kwa kamba moja. Wote wanatazama uso wa mkubwa badala ya kutazama kazi iliyo mbele yao. Wa kwanza atafanya kile kilichomfurahisha mwalimu jana. Wa pili hatafanya chochote. Hakuna kati yao atakayegundua kitu kipya.

Kwa hiyo mchezo ulipokwisha, hakuuliza kama watazamaji wameupenda. Aliuliza kama kamba ilionekana, na kama kioo kilikuwa kioo. Swali lilikuwa juu ya kazi, na kila mtoto angeweza kulijibu, awe mwepesi au mzito wa kuelewa. Aliyekuwa wa mwisho darasani katika hesabu angeweza kuwa wa kwanza kuiona kamba.

Kwa mtoto aliyezoea kuitwa mzito, mtundu au wa ajabu, hili halikuwa jambo dogo. Jina alilopewa shuleni na mtaani lilibaki nje ya mlango. Ndani, alipimwa kwa kitu kimoja tu ambacho alikuwa anakifanya kwa wakati huo.

Umaarufu uliokwenda kwa wengine

Mpango wa WPA Chicago ulimshikilia hadi mwaka 1941. Mwaka 1946 Spolin alianzisha Hollywood kundi lake la watoto, Young Actors Company, lililopokea watoto kuanzia umri wa miaka sita, akaliendesha hadi mwaka 1955. Huko aliendelea kuisahihisha michezo yake. Uliofaulu ulibaki, ulioshindwa uliandikwa upya.

Wakati huohuo mwanawe Paul, aliyejulikana kwa jina la Paul Sills, alikuwa amekuwa kijana wa maigizo katika Chuo Kikuu cha Chicago. Mwaka 1955 yeye na David Shepherd walianzisha Compass Players, kundi la kwanza la kulipwa la maigizo ya papo kwa papo nchini Marekani, lililofanya maonyesho katika baa karibu na chuo. Mama yake alirudi Chicago mwaka huo na kuwafundisha wachezaji michezo yake ya watoto. Miongoni mwa wachezaji wa Compass alikuwemo Mike Nichols, aliyefika Marekani kama mtoto mkimbizi kutoka Ujerumani bila kujua Kiingereza, na ambaye baadaye alikuwa mwongozaji mkubwa wa filamu.

Desemba 1959, Sills na wenzake wawili walifungua The Second City katika jengo lililokuwa dobi la Mchina. Jina walilichukua kutoka kwa mwandishi wa New York aliyeudharau mji wao kwa kuuita mji wa pili, wakalivaa kwa makusudi. Katika nyumba hiyo walipita Alan Arkin, John Belushi, Bill Murray, Tina Fey, Steve Carell na wengine wengi ambao filamu zao zinauzwa hata katika vibanda vya video vya kwetu. Spolin aliwafundisha wachezaji wa mwanzo wa ukumbi huo hadi katikati ya miaka ya 1960.

Hapa ndipo penye uchungu kidogo katika habari ya mama huyu. Michezo iliyotungwa ili mtoto wa mhamiaji apate sauti iligeuka kuwa kiwanda cha vichekesho. Walioipanda ngazi hiyo walikuwa matajiri na kutambulika kila mahali, huku jina la aliyeitengeneza likijulikana kwa walimu na wachezaji tu. Tena Spolin hakupenda mchezaji anayekimbilia kichekesho. Kwake, anayetupa utani ili achekwe amemwacha mwenzake peke yake na kuutoroka mchezo. Kicheko kilikuwa halali kikija chenyewe, kwa sababu watu wawili wamekutana kweli.

Mwaka 1965 walijaribu, yeye na mwanawe pamoja na wenzao, kufungua ukumbi wa aina nyingine, Game Theater, ambapo watazamaji wenyewe waliingia mchezoni badala ya kukaa na kutazama mabingwa. Haukudumu zaidi ya miezi michache.

Kitabu na kisanduku cha kadi

Alichofanikiwa kukilinda ni maandishi. Mwaka 1963 Northwestern University Press, wachapishaji wa chuo kilekile alikohamia mwalimu wake, walitoa kitabu chake cha Improvisation for the Theater, chenye michezo na mazoezi yapatayo 220. Boyd alifariki mwaka huohuo. Kitabu kimeuzwa nakala zaidi ya 100,000, na kwa walimu wa maigizo ni kama daftari la hesabu kwa mwenye duka, hakikai mbali na mkono.

Hakukiandikia mabingwa peke yao. Mwaka 1975 aliitoa michezo yake kwa mfumo wa kadi zilizowekwa katika kisanduku, ili mwalimu wa shule ya kawaida achomoe moja na kuitumia bila kusoma kitabu kizima. Mwaka 1976 alifungua kituo chake cha mafunzo Hollywood. Mwaka 1979 Chuo Kikuu cha Eastern Michigan kilimpa shahada ya heshima. Mwaka 1986, akiwa na umri wa karibu miaka 80, alichapisha Theater Games for the Classroom, kitabu kwa ajili ya walimu wa watoto. Alikuwa amerudi pale alipoanzia.

Alifariki Los Angeles tarehe 22 Novemba 1994, akiwa na miaka 88.

Michezo inaporudi kwa wenyewe

Spolin alipokuwa akifundisha Halsted, neno usonji halikuwa kinywani mwa wazazi. Daktari Leo Kanner wa Marekani alieleza hali hiyo kwa watoto mwaka 1943, na ilichukua miongo mingi kabla shule hazijaanza kuitambua. Watoto wenye hali hiyo bila shaka walikuwepo, ila waliitwa majina mengine, na baadhi yao waliishia katika vituo kama kile cha Lincoln.

Leo mambo yamegeuka. Kituo cha mafunzo cha The Second City, kilichotokana na kazi ya mwanawe, kimekuwa na madarasa kwa ajili ya vijana wenye usonji na kwa watu wenye wasiwasi uliopita kiasi. Mjini Detroit, mradi mmoja hupeleka waigizaji katika shule za umma kufundisha maigizo ya papo kwa papo kwa wiki 10, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walioufuatilia waliripoti mwaka 2019 kwamba dalili za hofu ya watu zilipungua kwa vijana walioanza wakiwa nazo.

Sababu si ya kushangaza kwa aliyeisoma kazi ya Spolin. Kijana mwenye usonji mara nyingi hulemewa na mazungumzo ya kawaida kwa kuwa kanuni zake hazisemwi. Nani aanze? Nimtazame kwa muda gani? Anatania au amekasirika? Katika mchezo wa kioo, kanuni imetajwa waziwazi, jambo la kuangalia ni moja, na mchezo una mwanzo na mwisho. Anayekosea haulizwi ana tatizo gani, wanaanza tena. Kijana anayeishi kwa kujihami kwa sababu ya mtaa anaotoka, naye hupata saa moja ambayo jambo lisilotarajiwa halimaanishi hatari.

Ni lazima kusema pia kwamba mchezo si dawa. Usonji si ugonjwa wa kuponywa kwa maigizo, na kijana aliyezongwa na umaskini au vurugu anahitaji chakula, shule na ulinzi pamoja na mchezo. Hull House yenyewe ililijua hilo, ndiyo maana pembeni ya ukumbi wa maigizo kulikuwa na jiko na darasa, na waliomfundisha mtoto kucheza walikwenda pia bungeni kumdai sheria. Majengo mengi ya nyumba hiyo yalibomolewa miaka ya 1960 kupisha chuo kikuu, na shirika lililobeba jina lake lilifunga milango mwaka 2012 kwa kukosa fedha. Nyumba ya awali imebaki kama makumbusho.

Michezo haikuhitaji jengo. Haihitaji vifaa wala ada, na ndiyo maana imevuka bahari kuliko bidhaa nyingi. Mzazi mwenye mtoto asiyependa kusema, baada ya kufunga kibanda na kuhesabu mauzo ya siku, anaweza kukaa naye uso kwa uso, akainua mkono taratibu na kusubiri mtoto ainue wa kwake. Asimsifu wala asimkaripie. Baada ya muda, amwachie mtoto aongoze, na yeye mzazi awe kioo.